Nyimbo Arobaini na Moja za Mzee Subiri

Tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mpiga gita na mtunzi mkuu wa bendi ya redio yetu anastaafu. Idara ya utumishi inamfahamu kwa namba ya jalada. Sisi wengine tunamwita Mzee Subiri, kwa kuwa hilo ndilo jibu pekee alilowahi kumpa mkurugenzi yeyote aliyeuliza wimbo utakamilika lini. Wakurugenzi saba wamesubiri. Wanne walistaafu kabla wimbo haujaiva.

Aliajiriwa kwa miezi mitatu, akimshikia nafasi mpiga gita aliyevunjika kidole. Kidole kilipona, nafasi haikurudi. Tangu siku hiyo ametunga nyimbo arobaini na moja, kikiwamo kipande kinachofungua taarifa ya habari, ambacho hudumu sekunde tisa na kilimchukua miezi kumi na mmoja. Haraka haina baraka, na mzee wetu ameikimbia haraka kama ukoma.

Mbinu yake ya utunzi ni ya kisayansi mno. Hukaa kwenye kiti kilekile cha plastiki kando ya dirisha la studio namba mbili, gita magotini, bila kuligusa, mpaka mhudumu wa chai amuulize kama anaumwa. Hapo hupiga vipande vitatu, humuuliza mhudumu kipi kimemkera, na hicho ndicho hukiendeleza. Kitengo chetu cha utafiti, chenye watu sita na magari mawili, bado hakijagundua njia bora kuliko hiyo.

Kasoro yake, iliyotajwa na uongozi katika barua tatu, ni kwamba hakuwahi kuandika hata noti moja. Kanda za zamani ziliharibika bomba la maji lilipopasuka ghalani. Kwa hiyo vidole vile vikitoka getini, nyimbo zinatoka navyo. Mimi, mwenye shahada mbili za muziki, niliteuliwa kuziokoa.

Kwa miezi mitatu alipiga, nami nikaandika. Niliona kwamba kila baada ya mistari kadhaa husita kidogo, chini ya nusu ya pigo, kisha huendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Nikahitimisha, kwa ukarimu wa kisomi, kuwa ni umri. Nikasawazisha kote.

Jumanne iliyopita bendi ilipiga kutoka kwenye daftari langu. Hakuna aliyekosea. Mpiga besi aliweka ala yake chini akasema, "Dada, huu wimbo umepigwa pasi." Mpiga ngoma akaongeza kuwa umepigwa pasi mwenyewe akiwa bado ndani. Mzee Subiri, kwa adabu yake inayoua, alisifu mwandiko wangu.

Baadaye, akifunga gita lake, alinieleza kwamba alijifunzia muziki chumbani kwa mama yake, mshonaji, aliyemruhusu apige kwa sharti moja tu: afuate mwendo wa cherehani. "Hapo ulipopafuta, mwanangu, mama alikuwa anageuza kitambaa."

Sina hakika. Huenda ni kweli. Huenda alikitunga kisa hicho palepale, kwa kasi ambayo wakurugenzi saba hawakujaliwa kuishuhudia. Ninachoweza kuthibitisha ni kwamba niliporudisha kusita kule katika wimbo mmoja, mpiga besi hakutania tena. Alipiga mpaka mwisho, akaomba urudiwe.

Tangu hapo nimesahihisha nyimbo kumi na moja. Thelathini bado, na siku zilizobaki ni tano.

Mzee wetu, ahsante kwa kila sekunde uliyotucheleweshea. Tunakuombea afya, raha, na usingizi wa mchana usiokatizwa na barua za uongozi. Ila baada ya sherehe, kila Jumatano, tafadhali njoo na gita. Nikiachwa peke yangu na hizo thelathini, nitazinyoosha.