Nywele za Binti wa Mama Sindano

Mama Sindano, fundi mkuu wa karakana yetu ya kuchapa picha, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mitatu kazini. Uongozi umeagiza wasifu huu usiwe na matusi, kwa hiyo maneno yake mengi mazuri tumeyaacha.

Alianza kwa kufagia, akaishia kutufundisha karibu sote kuchora kwa sindano juu ya bamba la shaba. Kazi hiyo haina raba, ukikosea, umekosea. Mistari iliyonyooka mno aliichukia, akisema inafaa makabati. Mkurugenzi mmoja alijaribu kuchora ua, akaambiwa hiyo ni kabichi yenye homa.

Kazi yake kubwa ni picha ya binti yake akiwa na miaka sita, mnayoiona kwenye jalada la ratiba. Mtoto hakutulia hata dakika, ndiyo maana ukihesabu vizuri ana masikio matatu. Lakini tazama shavu! Sindano ikipita huinua vijinyuzi vya shaba kandokando ya mstari, navyo hushika wino. Ndivyo vilivyolainisha shavu lile hadi mtu anatamani kulifinya.

Sasa niungame. Wiki yangu ya pili hapa nililikuta bamba hilo mezani, halijachapwa hata nakala moja. Nikadhani vijinyuzi ni uchafu. Nikaanzia kwenye nywele, nikasugua mpaka pakang'aa. Kilichoponya shavu ni kengele ya chai. Nikampelekea bamba mwenyewe, nikingoja sifa.

Lo! Alilitazama, akanitazama, akakaa chini. Nikajua kazi sina. Kisha akanipa sindano, akasema mwanawe haendi kwenye maonyesho na kipara, nizichore nywele upya mwenyewe. Nikazichora, zikatoka kama kiota kilichokaliwa na paka. Akachapa hivyo hivyo, akatia sahihi yake, na kila aliyeuliza akajibiwa kuwa ndivyo alivyotaka yeye. Akafunika kombe kwa miaka ishirini na minne.

Binti huyo, sasa mama wa watoto wawili, ameketi hapa mstari wa mbele. Miaka yote hii amemnunia mama yake kwa ajili ya nywele zile. Dada, mwache mama wa watu. Nywele ni zangu.

Asante, Mama, kwa kazi ambayo ninayo hadi leo. Pumzika salama, uishi kwa raha, na mabamba yako yafungie kabatini nikija kukusalimu.