Majibu Niliyoyakariri

Kamwene, ndugu zangu. Mtaniwia radhi nikichungulia karatasi hii. Nimeandika humo mambo makubwa ili nisipotee njiani, na nawaomba nikinyamaza kidogo mnivumilie, msinisaidie neno. Nitalipata mwenyewe.

Mimi ndiye yule anayekaa karibu na mlango. Tangu nianze kuja kwenye kikundi hiki nimewasikiliza ninyi mliopata kiharusi, mlioanguka, mliogongwa, nimewasikiliza na wanaowauguza, na sijawahi kusema zaidi ya salamu. Si kwamba sikuwa na la kusema. Nilikuwa naona aibu, kwa sababu wengi wenu mmefanyiwa jambo baya na ugonjwa, lakini la kwangu baya zaidi nililifanya mwenyewe, nikiwa na akili hizihizi zilizobaki.

Nilikuwa dereva wa lori. Kwa miaka ishirini na miwili nimebeba mchele kutoka Ubaruku kwenda Dar es Salaam, lori la tajiri mmoja mwenye mashine ya kukoboa. Asubuhi moja pale kwenye mashine nilipanda juu ya magunia kufunga turubai. Lilikuwa na umande, mguu ukateleza. Nasimuliwa kwamba nilitua kwa kisogo kwenye sakafu ya saruji wanayoanikia mpunga. Nilizinduka hospitali, Mbeya, siku ya tatu.

Niliporudi nyumbani watu walinitazama wakafurahi. Natembea, nakula, nacheka. Mimi na mke wangu tu ndio tuliojua. Nikitaka kijiko nasema, nipe kile cha, cha uji. Nafunga vifungo vya shati, nafika katikati nasimama, sijui kinachofuata. Siku moja nilikwenda dukani kununua chumvi, duka ambalo hata mtoto wa miaka minne anatumwa, nikafika penye njia mbili nikashindwa kuchagua. Nikakaa kwenye jiwe kama mtu anayepumzika. Waliopita wakanisalimia, nami nikawaitikia vizuri kabisa, huku moyo unanidunda. Nilikaa pale mpaka mke wangu aliponifuata.

Ndugu zangu, nawaambia, hofu ya kufa naijua, kila dereva anaijua. Hii ilikuwa nyingine. Ni hofu ya kubaki hai huku wewe mwenyewe hupo.

Tajiri wangu hakunifukuza. Aliniambia funguo atanipa siku nitakayoleta karatasi ya daktari inayosema kichwa kiko sawa. Tukaelekezwa hapa Iringa, kwa dada mmoja mtaalamu anayepima walioumia kichwa. Mke wangu akaruhusiwa kukaa nami ndani.

Nilitegemea mashine. Dada hakuwa na mashine. Alikuwa na kalamu, saa na karatasi. Akanitajia maneno matano: shoka, pazia, ndizi, mvua, kanisa. Akasema ataniuliza baadaye. Akaniambia nitoe saba kwenye mia, kisha nitoe saba tena, na tena. Nikasema tisini na tatu. Nikasimama hapo. Akaniuliza baada ya tatu, sita, kumi na mbili, inafuata nini. Akasema taja wanyama wote unaoweza kabla sijasema basi. Nikasema ng'ombe, mbuzi. Ng'ombe. Nikaona kalamu yake inasubiri.

Halafu akanipa fumbo. Gari jeupe liko nyuma ya jekundu, jekundu liko nyuma ya la bluu. La mbele ni lipi?

Jamani, maisha yangu yote nimefuata magari barabarani. Nikayaona yale magari matatu kichwani, yanabadilishana nafasi, hayatulii. Mwisho akaniuliza yale maneno matano. Nikakumbuka ndizi. Moja tu.

Dada hakunicheka. Alisema ubongo unachukua muda, akanipa mazoezi ya nyumbani, akasema nirudi baada ya miezi mitatu. Mimi sikusikia hayo ya mazoezi. Nilisikia kwamba nimefeli.

Sasa hapa ndipo palipoharibika. Mke wangu alikuwa amekaa pembeni yangu muda wote, na kichwa chake ni kizima. Kila swali alilikumbuka. Tulipofika Ubaruku nikamwambia aniandikie yote kwenye daftari, pamoja na majibu. Alikataa. Alikataa kwa wiki mbili, akisema yule dada atagundua, akisema bora tufanye yale mazoezi. Nami nikamwambia neno ambalo mpaka leo linanichoma. Nilimwambia, "Unataka nibaki hivi ili unitawale." Siku iliyofuata daftari lilikuwa mezani.

Nilikariri miezi mitatu. Tisini na tatu, themanini na sita, sabini na tisa, sabini na mbili, sitini na tano. Shoka, pazia, ndizi, mvua, kanisa. La mbele ni la bluu. Sikujua kwa nini ni la bluu, nilijua tu ndivyo inavyojibiwa. Wanyama nilikariri ishirini kwa mpangilio, kuanzia mjusi mpaka tembo. Mke wangu ananiuliza huku anachambua mchele, haniangalii usoni.

Tuliporudi, dada akatoa karatasi ileile. Nilijibu yote. Nilijifanya hata kufikiri, nakunja uso, nakuna kidevu. Dada alifurahi mpaka akanishika mkono. Alisema nimepona kuliko alivyotegemea, akaandika karatasi, akapiga muhuri. Mimi niliogopa siku ile kuliko ile ya kwanza, kwa sababu sasa hakukuwa na mtu wa kunizuia.

Safari ya kwanza nilikwenda nikarudi. Ya pili pia. Mikono ilikuwa inakumbuka yenyewe, hili kisha lile, kisha lile. Safari ya tatu mke wangu alikuja nami, anakwenda Morogoro kumwona binti yetu aliyejifungua. Nadhani alikuja pia kunichunga, ingawa hakusema.

Wengi wenu mnaujua mlima Kitonga. Lori lenye mzigo haliushuki hivihivi. Unaweka gia ndogo ukiwa bado juu, unawasha breki ya injini, ile ya mguu unaigusa kidogo tu isichemke. Nimefanya hivyo miaka yote bila kuwaza. Lakini asubuhi ile, juu kabla ya mteremko, palikuwa na matengenezo ya barabara, tukasimamishwa. Tukakaa kama nusu saa. Tuliporuhusiwa niliondoka, na ule mfululizo wangu ulikuwa umekatika. Niliingia mlimani na gia kubwa.

Mwendo ukaongezeka. Nikakanyaga breki, ikashika. Nikakanyaga tena, ikashika kidogo. Harufu ya kuungua ikaingia ndani. Mke wangu akasema kuna kitu kinanuka. Nilitazama gia, nikatazama vile vitufe mbele yangu, na ndugu zangu, sikujua kimoja kinafanya nini. Ilikuwa kama nimepanda gari la mtu mwingine. Nikajiambia fikiri. Kilichokuja kichwani kikawa tisini na tatu. Themanini na sita. Sabini na tisa. Zilikuja zenyewe, kwa sauti ya mke wangu, na sikuweza kuzizima.

Kona ya kwanza tuliipita tukiwa tumeingia upande wa wanaopanda. Hapakuwa na gari. Ya pili ilikuwa inakuja.

Mke wangu hajawahi kushika usukani. Lakini aliona kifusi cha udongo kilichoporomoka upande wa mlima, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama ananionyesha pa kuweka ndoo, "Baba watoto, ingia kwenye ule udongo. Sasa hivi."

Nikaingia. Lori lilikwangua mwamba, likapanda kile kifusi, likalala ubavu nusu, likasimama. Mchele ulimwagika barabarani mweupe. Mkono wa mke wangu ulivunjika juu ya kifundo. Na kabla sijashuka, basi likatokea kwenye ile kona ya pili likipanda, limejaa watu. Dereva alisimama akashuka kuja kutusaidia. Abiria wakachungulia madirishani. Niliwatazama wale watu uso mmoja mmoja. Mpaka leo nawaota, na kwenye ndoto hakuna kifusi.

Askari waliandika breki zilichemka. Ilikuwa kweli, na ningeweza kuiacha hivyo. Tajiri alikuja akanipa pole, akasema bahati mbaya. Nilikaa na hiyo pole siku nne. Siku ya tano nikamtazama mke wangu anajaribu kumenya kitunguu kwa mkono mmoja, nikaondoka kwenda kwa tajiri nikamweleza yote, daftari na kila kitu. Aliniacha nikamaliza, kisha akaomba funguo za akiba nilizokuwa nazo nyumbani. Baadaye nikaja Iringa kwa yule dada.

Huyo ndiye niliyemwogopa zaidi. Alisikiliza, akasema na yeye alikosea kutumia karatasi ileile. Halafu akasema, "Mzee wangu, nilikuwa natafuta panapouma. Wewe ukanifichia."

Akatoa karatasi mpya. Maneno mapya, namba mpya, fumbo la watu wanne waliokaa kwenye benchi. Kwenye swali la tatu nilisema neno ambalo sikuwahi kulisema mbele yake. Nilisema, "Sijui." Akaitikia kwa kichwa, akaandika, akaendelea. Paa halikuanguka. Nilisema sijui mara nyingi siku ile, na alipomaliza alikuwa na orodha ya kweli ya vitu vya kuanzia.

Huu ni mwaka wa pili sasa. Tumefanya yale mazoezi, mimi na mke wangu, kila asubuhi. Fumbo moja, hesabu moja, na kusimulia yaliyotokea jana kwa mpangilio. Maneno mengi yamerudi. Mengine hayatarudi, nimeambiwa hivyo. Lori siendeshi wala sitaendesha tena. Tajiri amenipa kazi ya kusimamia upakiaji pale kwenye mashine, na nina karatasi ukutani ya hatua za kazi, ambayo naisoma mbele ya watu bila kujificha. Hofu bado ipo. Nikisahau jina la mtu, inanipanda. Leo nilipokuwa nakuja kusimama hapa ilinipanda.

Namshukuru dada mtaalamu, ambaye ndiye aliyetuleta kwenye kikundi hiki. Namshukuru tajiri wangu, na yule dereva wa basi nisiyemjua. Na ninyi, kwa kunisubiri kila niliponyamaza.

Kuna mwenzetu hapa alisema ataitwa kupimwa wiki ijayo, na kwamba halali usingizi. Ndugu yangu, nenda hivyo hivyo na woga wako. Usiombe majibu kwa mtu. Wakikuuliza usichokijua, sema hukijui, hapo ndipo watakapokushika mkono.

Na mke wangu amekaa pale nyuma, mwenye kitenge cha kijani. Yale maneno niliyokwambia kuhusu kunitawala nilikuomba radhi nyumbani, tukiwa wawili. Ilikuwa haitoshi, kwa hiyo nakuomba tena hapa, watu wakisikia. Nisamehe, mama watoto.

Nimemaliza. Nitakaa.