Maji Yakishatoka Barabarani

Tarehe 30 Juni 2025 Mzee Baltazar Margwe, msimamizi wa kikosi chetu cha matengenezo ya barabara hapa Mbulu, anastaafu baada ya kutumikia miaka thelathini na minne. Aliingia mwaka 1991 akiwa kibarua wa kuchimba mitaro. Anaondoka akiwa mtu ambaye madereva wa mabasi ya Mbulu na Dongobesh wanamtambua kwa mbali, kwa mwendo wake na kwa buti zake za mvua ambazo huzivaa hata kiangazi.

Mengi yaliyomo katika wasifu huu yametoka kwa wenzake, kwa sababu yeye mwenyewe akiulizwa habari zake hujibu, "Muulize Yusuph, ndiye anayependa kusema." Yusuph Shumbana ni dereva wetu wa greda, mwenyeji wa Katesh, na ni kweli anapenda kusema.

Kazi ya kwanza ya Mzee Baltazar ilikuwa barabara ya Tlawi. Wakati ule greda lilikuwa moja na mara nyingi lilikuwa bovu, kwa hiyo barabara zilitengenezwa kwa sururu, chepe na toroli. Wenzake wanasema mvua ilipoanza, vibarua wote walikimbilia chini ya turubai, lakini kijana Baltazar alitoka. Alitaka kuona maji yanapita wapi. Aliporudi ameloa chapachapa, alikuwa ameshajua kesho mtaro uchimbwe upande gani. Haikuchukua muda mrefu akafanywa mnyapara, na baadaye msimamizi wa kikosi.

Tabia hiyo hajaiacha. Kwenye harusi ya binti yake Judica, mvua ilinyesha wakati wa kukata keki, na baba wa bibi harusi hakuonekana. Alikutwa nyuma ya turubai, suruali ya suti imekunjwa hadi magotini, ameazima jembe la jirani, anafungulia maji njia yasiingie kwa wageni. Mke wake akamwambia, "Baba Judica, leo hata Mungu amekupa likizo." Akajibu kwamba anamalizia. Katika picha ya familia ya siku hiyo ana tope kwenye tai.

Kila kibarua aliyepita mikononi mwake alifundishwa kanuni moja kabla ya kushika chepe: "Maji yakishatoka barabarani, si ya kwetu tena." Adui wa barabara ni maji. Ukiyatoa barabarani haraka, umemaliza kazi. Ndivyo alivyofundishwa yeye, na ndivyo alivyowafundisha wengine kwa miaka mingi.

Kazi iliyompa sifa ni kalavati la mteremko wa Nambis. Kabla yake, basi lilikwama pale kila Aprili na abiria walishuka kusukuma, wanawake kwa wanaume. Mwaka 1998, baada ya mvua za El Nino, Mzee Baltazar na kikosi chake walichimba mtaro mrefu kando ya barabara, wakayakusanya maji yote ya kilima na kuyapitisha chini ya barabara kwenye bomba moja kubwa la zege. Saruji ilipokuwa bado mbichi, aliandika kwa kidole kwenye ukuta wa kalavati: B.M. 1998. Basi halikukwama tena. Chini ya mteremko, kalavati linapotolea maji, walikuwa wakikaa Bibi Philomena na mumewe, Mzee Patriki. Siku ya kumaliza kazi waliwaletea vibarua mahindi ya kuchoma na kushukuru, kwa sababu maji yaliyotoka pale yalikuwa kidogo na safi, na yalinywesha bustani yao ya maharage.

Kilimani, juu ya barabara, siku hizo kulikuwa na vichaka na malisho. Miaka ilivyopita, malisho yakalimwa. Yakapandwa mahindi na viazi, na mistari ya kulimia ikashuka na mteremko kwa sababu ng'ombe wa plau huona nafuu kushuka. Nyumba za bati zikaongezeka. Mvua nazo zikabadilika. Zamani zilikuja mapema na kunyesha taratibu kwa wiki nyingi, siku hizi zinachelewa, kisha zinamwagika kwa siku chache. Shuleni tulifundishwa kwamba ardhi yenye majani na miti hunywa maji ya mvua, na ardhi iliyo wazi huyaacha yatiririke juu yake na kuondoka na udongo. Pale Nambis somo hilo linaonekana kwa macho. Kalavati lilibaki lile lile, lakini maji yakawa mengi na mekundu. Mdomoni mwa kalavati pakatokea shimo. Shimo likawa korongo. Bustani ya maharage ikaondoka, na kila msimu kingo za korongo zilianguka kuelekea nyumbani kwa Bibi Philomena.

Mwishoni mwa mwaka 2023 mvua zilikuwa kubwa. Wenzetu wa Hanang walipoteza ndugu na nyumba kwa tope lililoshuka mlimani, na hakuna mtu huku ambaye hakuguswa na msiba ule. Yusuph alikwenda kwao Katesh kusaidia, na aliporudi alikaa muda bila kutania mtu. Nambis, katika mvua hizo hizo, jiko la nje la Bibi Philomena lilitumbukia korongoni. Mzee Patriki alikuwa ameshafariki na kuzikwa kando ya nyumba, na sasa kaburi lake lilikuwa ukingoni. Watoto walimtaka mama yao ahamie kwao mjini. Alikataa. Alisema Patriki hawezi kuhama, na yeye hawezi kumwacha asombwe peke yake.

Januari iliyofuata, Bibi Philomena alipanda bodaboda hadi ofisini kwetu akiwa na dumu la njano. Mzee Baltazar alisimama kumpokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Baltazar. Nimekuletea maji yako." Akaliweka dumu mezani. Lilikuwa limejaa maji mekundu ya korongo.

Waliokuwepo wanasema Mzee aliyatazama maji, kisha akajibu kwa upole kile alichozoea kujibu. "Mama, pole sana. Lakini maji yakishatoka barabarani, si ya kwetu tena."

"Sawa, mwanangu. Basi niambie ni ya nani, nimpelekee."

Kisha Yusuph, ambaye alikuwa mlangoni akifuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Mzee, mbona jina lako liko pale pale yanapotokea?"

Mzee Baltazar hakukasirika. Alimwomba mama aliache dumu, akamsindikiza hadi kwenye bodaboda, na kesho yake asubuhi alikuwa Nambis. Watu walidhani atashuka korongoni. Yeye alipanda juu. Alifuata maji yalikotoka, mtaro kwa mtaro, njia ya ng'ombe kwa njia ya ng'ombe, hadi kileleni mwa kilima, na Yusuph akihema nyuma yake. Walipofika juu akageuka, akaangalia kilima chote kikielekea kwenye bomba lake moja. Yusuph anasema alikaa chini kwenye jiwe, akavua kofia, akasema, "Nimeyakusanya maji ya kijiji kizima na kuyamwaga kwa mama mmoja."

Mhandisi wetu, Festo, alipoelezwa, alikwenda naye kupima. Alikuta kwamba maji yanayofika kwenye kalavati yameongezeka sana kuliko lilipojengwa. Akachora mpango mwingine: badala ya mdomo mmoja, mtaro utobolewe sehemu nyingi, kila sehemu itoe maji kidogo kwenye eneo lenye majani. Hilo liliwezekana kwa sababu mtaro uko ndani ya eneo la barabara. Korongo lenyewe na mashamba ya juu havikuwa ndani ya eneo hilo. "Huko sina ruhusa ya kukutuma, Mzee," Festo alimwambia. Mzee akajibu, "Na Jumamosi?" Festo akasema Jumamosi hana habari nazo. Jumamosi ya kwanza Festo mwenyewe alikuwepo, amebeba mawe.

Kazi ngumu ilikuwa juu, kwa wenye mashamba. Walitakiwa walime kukata mteremko na kuacha mikanda ya majani kati ya mashamba, na hakuna anayependa kupunguza shamba kwa ajili ya majani. Mwenye shamba kubwa kuliko wote, Hilary Tluway, alimwambia wazi, "Wewe ni mtu wa barabara. Baki barabarani."

"Ndivyo nilivyokuwa nikisema mimi," Mzee akajibu, na akaondoka.

Alirudi siku chache baadaye na ndoo ya viazi. Chini kabisa ya korongo, udongo uliosombwa ulikuwa umetua, na juu yake vilikuwa vimeota viazi ambavyo hakuna mtu aliyevipanda. Mzee alivichimba, akavipandisha kilima chote, akavimwaga mbele ya Hilary. "Viazi vyako. Nimevikuta kwa Mama Philomena."

Hilary aliokota kimoja, akakigeuza. Ilikuwa mbegu yake, hakuna mwingine aliyekuwa nayo pale. "Na mbolea yangu?"

"Iko huko huko. Hiyo njoo uibebe mwenyewe."

Hilary alicheka mpaka akaketi chini. Msimu uliofuata alilima kukata mteremko, na majirani zake wengi wakamfuata. Wapo ambao hawajakubali hadi leo, na Mzee bado anawapitia. Hawamfukuzi tena, ila wakiona buti zake wanaulizana leo kaleta ndoo ya nani.

Kisha ikabaki kalavati. Kwa mpango wa Festo, ule ukuta wa zamani ulipaswa kubomolewa ili chini yake pajengwe sakafu ya mawe ya kupunguza nguvu za maji. Yusuph alijitolea kuuvunja kwa greda, dakika chache tu. Mzee alikataa. Aliomba nyundo, akauvunja mwenyewe, na vijana wa kikosi walisimama wakimtazama bila utani. Kipande chenye herufi zake hakukitupa. Alikishusha korongoni, akakilaza kiwe jiwe la kwanza la kizuizi cha kwanza. Vizuizi vingine vya mawe vilifuata, na kati yake Bibi Philomena alipanda majani ya tembo.

Mwanzoni si kila kitu kilikaa sawa. Vizuizi viwili vilisombwa na mvua ya kwanza kwa sababu mawe hayakuzikwa vya kutosha kwenye kingo, na tobo moja la mtaro lilimwaga maji kwenye zizi la mtu, naye alikuja ofisini akiwa hana hata salamu. Vyote vilirekebishwa, Jumamosi kwa Jumamosi.

Aprili mwaka huu ilikuja mvua ya mchana iliyojaza mitaro yote ya mjini Mbulu. Mzee Baltazar hakungoja ikatike. Alichukua bodaboda, yeye na dereva wakafika Nambis hawatofautiani na udongo. Alimkuta Bibi Philomena ameketi kwenye kigoda mlangoni, khanga kichwani, anaangalia korongo. Maji yalikuwa yanapita, lakini yalipita polepole, yakisimama kwa kila kizuizi na kuacha udongo kabla ya kuteremka kwa kingine. Ukingo haukuanguka. Kaburi la Mzee Patriki lilikuwa mahali pake, na msalaba wake wa mbao umeloa tu.

Mzee alisimama pale akitaka kusema kitu. Bibi Philomena akamwambia, "Kaa chini, Baltazar. Unanizuia kuona." Akaketi, wakaangalia pamoja mpaka mvua ikakatika.

Tangu hapo vibarua wapya hawafundishwi tena kanuni ile ya zamani. Anayeajiriwa sasa hupelekwa kwanza juu ya kilima cha Nambis, kisha chini korongoni, ndipo hupewa chepe. Mzee huwaambia kwamba maji yakitoka barabarani bado ni ya kwetu, mpaka tujue yamefika wapi na yamemkuta nani. Sisi tunaobaki tumeichukua kanuni hiyo, na tutaendelea nayo.

Kwa familia yake, Mama Judica na watoto, asanteni kwa kutuazima baba yenu siku za mvua, na siku za Jumamosi, na hata siku ya harusi. Kwa Mzee Baltazar mwenyewe, asante kwa barabara zinazopitika, kwa vijana uliowafundisha kazi, na kwa kupanda kilima siku ile ambayo ungeweza kubaki ofisini.

Wageni wataona kwamba chai ya sherehe hii ni ya maziwa. Maziwa hayakununuliwa. Yametoka kwa ng'ombe wa Bibi Philomena, wanaolishwa majani yaliyoota ndani ya korongo. Lile dumu la njano lilikaa chini ya meza ya Mzee mwaka mzima na zaidi, na hakuruhusu mtu alitoe. Mwezi huu alilirudisha mwenyewe kwa mama, limeoshwa. Leo asubuhi limerudi ofisini limejaa.

Mzee wetu, upumzike vizuri na uwe na afya. Mvua ikinyesha, kaa ndani unywe chai. Tunajua hutakaa.

Brightness Emanuel
Msaidizi wa muda wa ofisi, kwa niaba ya wafanyakazi wote