Shati Lenye Mfuko Upande wa Kulia

Kijiwe chenyewe ni benchi moja bovu mbele ya cherehani ya Uzi, fundi nguo. Jioni hiyo simu ya Flashi, mpiga picha wa harusi, ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la sukari la Shangazi muuza kahawa, na kwenye video bendi ya roki ilikuwa inapiga makelele kwenye chumba kitupu. Watu walisema mwenye gitaa ni binti wa Uzi, mwanawe wa pekee, aliyeondoka nyumbani kwa hasira na namba ya simu akabadilisha. Uzi alitaka kujua jambo moja tu: ni yeye au si yeye? Maana uso, loo, hauonekani!

— Mbona tukikaribia sura tu wanakata? akauliza.

— Ndiyo uhariri huo, mzee wangu, akasema Flashi. Wanakata kwa mdundo. Ngoma ikilia, picha inaruka.

— Haraka haraka haina baraka! akadakia Profesa, fundi baiskeli aliyepewa jina hilo kwa ubishi. Ndiyo maana mpiga ngoma wamempunguza mwendo. Mwenda pole hajikwai.

— Ajikwae vipi na amekaa kwenye kiti? Shangazi akacheka.

— Na kamera inavyowazunguka? akauliza Uzi.

— Inapita kwenye reli, akasema Flashi.

— Reli wapi! akabisha Profesa. Chumba ndicho kinachozunguka. Wamekipandisha juu ya ekseli ya lori. Hamwoni ukuta unavyokimbia?

— Profesa, kahawa imekupanda kichwani!

Uzi hakucheka. Aliomba picha isimamishwe.

— Kola ya shati hilo ni yangu. Mkono wangu naujua. Lakini mfuko uko kulia, na mimi shati la binti yangu niliushona kushoto. Si yeye. Basi.

Akageuka kurudi kwenye cherehani yake.

— Hebu ngoja, akasema Flashi. Soma maandishi ya kwenye ngoma.

— Mbona yako kinyumenyume?

— Ehee! Picha wameigeuza, kama kwenye kioo. Kulia kwake ndiko kushoto.

Shangazi akapiga kigelegele. Profesa akaapa kwamba ndicho alichokuwa anasema tangu mwanzo.

— Analivaa, akasema Uzi, machozi yanamlengalenga. Mwanangu bado analivaa!

Hapo akafika mama mmoja mgeni, mteja, na sketi yake mkononi. Akachungulia simu.

— Binti yako huyo? Hongera, baba. Yuko wapi siku hizi?

 Uzi akamtazama Flashi, Flashi akainama. Profesa akakazana kunywa kikombe kitupu.

— Sijui, akasema Uzi, na neno hilo likamuuma kuliko alivyotarajia.

Akaipokea ile sketi, akauliza kama apunguze kiunoni au kwenye pindo.