Programu ya Mama Gradi

Mgeni rasmi, mkurugenzi wa mradi wetu, karibu Bellevue. Viti hivi tumeviazima kanisani, ndiyo maana vinapishana urefu.

Anayekusomea risala hii ni Papa Firmin, mlinzi, mume wa marehemu Arlène. Shule aliiachia darasa la tano, na alitaka maneno makali kuliko haya. Tumempunguzia.

TULIKOTOKA

Mwaka 2016 mlituletea mwalimu akatufundisha nadharia. Kompyuta zilipofika zikafungiwa chumba cha pili, ufunguo ukabaki ofisini kwenu Sandton. Basi tukaandika programu kwenye karatasi, Candide, mdogo wake Arlène, akawa ndiye mashine: anasoma mstari, anautenda.

TULICHOFANIKIWA

Arlène, msusi wa Yeoville, tuliyemwita Mama Gradi, alitangulia kumaliza mradi kwenye karatasi: programu ya kumkumbusha mgonjwa wa presha saa ya dawa. Presha ilikuwa yake mwenyewe. Candide akasimama wima, akaita kwa sauti ya bati, "Mama Gradi, dawa."

"Eish, mashine gani hii inanuka vitunguu," Arlène akasema. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

CHANGAMOTO

Mwaka jana mlipokuja kupiga picha, chumba kilifunguliwa asubuhi moja. Arlène akaiandika programu yake. Mashine ikakataa. Yalikuwamo makosa ambayo Candide alikuwa akiyaruka, maana alijua dada yake anataka kusema nini. Sote tulifanyiana hivyo. Tulidhani ni upendo.

"Mungeniambia," Arlène alisema. Akaanza kurekebisha. Kabla hajamaliza, watu wenu wakasema muda umekwisha, wakafunga.

Nyumbani alimwambia Firmin labda kichwa chake ni kizito. Firmin, asiyejua hata kompyuta inawashiwa wapi, alimwambia akaulizie ufunguo. Kila wiki Arlène alipita kuulizia ufunguo. Mwezi wa sita presha ikamwangusha saluni, hakuamka tena.

Firmin anasema ni nyinyi. Sisi hatusemi hivyo. Ila hatujamkatalia.

MAOMBI

Vyeti vinaweza kungoja. Tunaomba chumba kiwe wazi kila siku, tukosee na mashine yenyewe mpaka tujue. Tumesikia mnazihamisha kompyuta kwa kuwa hakuna mradi uliokamilika. Ikiwa ni lazima, mtuachie moja, siku moja tu. Candide ataandika ya Arlène bila kuruka kitu, na Firmin atakaa mbele yake. Anataka kuona jina la mkewe likitokea pale kwenye kioo. Baada ya hapo mtazima.

Mungu akurudishe salama, na walio nyumbani kwako wasipungukiwe afya.

Ni sisi, wanafunzi wa Darasa la Kompyuta, Bellevue, 2018.