Saruji Kwenye Ngazi za Mlimani

Kaeni chini, wanangu, na wewe kifungua mimba usiniletee uji, sitaki uji, nataka unisikilize, maana sauti niliyobaki nayo ni ndogo na hasira niliyonayo ni kubwa.

Ile njia ya mlimani babu zangu waliijenga kwa mikono yao, jiwe juu ya jiwe bila tone la saruji, na si kwamba hawakujua kujenga: waliacha nafasi kati ya mawe ili maji ya mvua yapite chini kwa chini. Wachukuzi wa chumvi waliipanda na mizigo kichwani, mimi nimeitunza miaka arobaini na mitatu, na kila mwaka kabla ya mvua nilizibua zile nafasi kwa kijiti, ngazi kwa ngazi, mgongo ukiniuma. Nililazwa miezi miwili tu. Miezi miwili! Narudi nakuta umeziba kila kitu kwa saruji, ukapaka na rangi juu, eti watalii wasijikwae, eti picha zitoke nzuri. Njia ya urithi, umeandika kwenye kibao. Urithi gani umebaki hapo? Mvua ya kwanza tu, maji yakateremka juu ya ngazi kama yametumwa, yakabomoa jiko la yule mjane jirani yetu, mwenyewe akiwa ndani. Mpaka leo anachechemea, na wewe hata pole hujampa, ukiona mlango wake unageuza njia.

Usilie, sijamaliza. Na mimi nina kosa langu, nalisema mbele yenu nyote: huyu mdogo wenu, kitinda mimba, alinibebea mawe tangu ana miaka tisa, anajua kila tundu la maji, nami nikakupa wewe, kifungua mimba, kazi kwa sababu tu wewe ni mwanamume. Nisamehe, mama, binti yangu. Kuanzia leo njia ni yako. Kaka yako atabeba mawe, wewe utamwonyesha yakae wapi. Nyumba na shamba gawaneni sawa, hapo sina maneno mengi.

Mvua haiko mbali. Nifungulieni dirisha... Kifungua mimba, chukua nyundo, anza na ngazi ya chini, hapo nyuma ya nyumba. Vunja. Sitoi baraka kabla sijasikia.

Bado...

Ndiyo. Hiyo. Mungu awaweke, wanangu, awape... Piga tena.