Sista Paskazia Ameshuka Mlimani

Baada ya miaka thelathini na sita ya kuuguza, Sista Paskazia Kahigwa wa wodi ya mifupa anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Wengi hapa Mwanza wanatembea leo kwa sababu aliwashika kiunoni na kuwakaripia mpaka wakapiga hatua. Waliomnunia wakiwa kitandani walirudi wamepona, wakamletea samaki, sato.

Lakini alikuwa na hofu aliyotuficha sisi wenzake wa wodini. Yeye na mumewe, Mzee Mashimba, walikuwa wakiishi juu ya mlima wa mawe kule Ilemela, mahali ambapo hata bodaboda huishia chini. Wodini aliwapokea wazee walioteleza kwenye njia kama ile yake, na kila mara alijiona yeye ndiye amelala pale.

Masika ya mwaka juzi jirani yao, Bibi Tereza, alizidiwa. Vijana walimshusha kwa blanketi huku mvua ikimwagika, Sista akitangulia kuwaonyesha pa kukanyaga. Kijana mmoja akateleza. Bibi akaangukia mwamba, nyonga ikavunjika.

Sista aliporudi nyumbani alimuuliza mumewe, "Baba Evelina, sisi tutashushwaje?"

Mzee alicheka. "Mawe haya yananijua. Nimeyapanda tangu ujana."

Hakubishana naye, ila tangu hapo, mvua ikinyesha akiwa zamu, alipiga simu nyumbani. Siku moja simu haikupokewa. Aliomba ruhusa, akaukwea mlima akihema, akamkuta mumewe katikati ya njia ameng'ang'ania jiwe, maji yakipita kwa nguvu miguuni pake.

"Mama Evelina," alisema kwa sauti ndogo, "magoti yamekataa. Usiniache."

Waliteremka wamekaa, wakijiburuta jiwe hadi jiwe mpaka barabarani.

Baada ya hapo Mzee hakucheka tena. Walianza kujenga Igoma, kwenye kiwanja tambarare, na yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia fundi kwamba hataki ngazi hata moja. Sista alitaka choo cha ndani chenye vyuma vya kushikilia, sakafu isiyoteleza, na milango mipana kupita kawaida. Fundi alimtania kwamba huenda anataka kupitisha ng'ombe.

"Nataka nipite mimi, siku nitakayokuwa kwenye kiti cha magurudumu," alimjibu. Fundi akaipima milango upya.

Walihamia Januari. Mvua ikianza Sista bado hushtuka, na Mzee huukumbuka mlima wake mpaka macho yakalengwa na machozi. Lakini Jumapili iliyopita Mzee alitoka peke yake kwenda kanisani, na mkewe hakusimama mlangoni kumwangalia.

Sista, asante kwa mikono yako. Wengi wetu tunaobaki bado tunaishi kwenye milima ya mawe, na umetuachia hofu inayotufaa, ili tujiandae tungali na nguvu. Uzeeke salama, mama, wewe na mzee wako. Na siku miguu itakapochoka, mlango wenu uwe mpana wa kutosha.